Anayekagua Gari Asiwe Anayeuza Breki

Wadau, ni wangapi hapa wanajua mtu aliyeazima tairi za siku ya ukaguzi? Mimi namjua, ni jirani yangu. Pikapu yake ya kubeba mboga ilikuwa na tairi vipara kabisa. Asubuhi akafunga nne safi za rafiki yake, akapita, jioni akazirudisha. Stika iko kwa kioo, tairi ni zile zile za zamani. Na hapo hata hongo haikutolewa!

Sasa, mwaka 2025 NTSA ilileta rasimu ya kanuni mpya. Inataka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe, si matatu na lori tu, na vituo vya watu binafsi vipewe leseni ya kufanya hiyo kazi. Wengi walikasirikia ada. Mimi shida yangu ni hiyo leseni: atapewa nani?

Akipewa mwenye gereji, mambo ni mawili. Mgeni ataambiwa, "Bushi zimekufa boss, hupiti, lakini ninazo hapa." Utajuaje ni kweli? Halafu aje mteja wake wa miaka kumi na breki mbovu. Huyo atamwangusha kweli? Ndio maana nasema anayekagua asitengeneze, na asiuze hata skrubu moja.

Najua mtu ataandika hapo chini ati Uingereza gereji zinatengeneza na kukagua palepale. Ni kweli. Lakini mamlaka yao, DVSA, hutuma watu wanaojifanya wateja, na gereji ikishikwa inaweza kupoteza kibali. Kwetu nani atatumwa, na asinunuliwe chai?

Leseni itolewe kwa masharti. Mashine ya breki itume majibu moja kwa moja kwa mfumo wa NTSA, fundi asiyaguse. Cheti kiwe na jina la aliyekagua. Na zipigwe picha za tairi zote nne, namba zake zionekane, ili afisa wa trafiki afungue simu alinganishe.

Mafundi wa jua kali wasiogope. Gari likianguka ukaguzi lazima litengenezwe mahali, na mahali ni kwao.

Jirani naye ukaguzi wake unakaribia tena. Jana ameniuliza gari yangu inatumia tairi saizi gani.