Vidonda vya mdomoni: Muuza dawa aulize umri wa mtoto kwanza

Mtoto wa mwaka mmoja anapokataa titi na uji, akilia usiku kucha huku mate yakimtiririka, mzazi hukimbilia duka la dawa lililo karibu. Wako wanaouziwa jeli ya kutia ganzi bila hata kuulizwa mtoto ana umri gani. Mtindo huu haufai, na wenye maduka ya dawa ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuukomesha.

Baadhi ya jeli hizo zina benzokeini, dawa inayoweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na mtoto akafa. Ndiyo sababu mwaka wa 2018 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilionya kwamba isitumiwe vinywani mwa watoto walio chini ya miaka 2. Lignokeini nayo, mtoto akiimeza kupita kiasi, yaweza kumletea degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Tena mate huiondoa jeli upesi, na mzazi hushawishika kupaka tena na tena. Hapo ndipo hatari huzidi.

Vidonda vingi vya watoto wadogo huletwa na virusi, na hupona vyenyewe kwa wiki moja au mbili. Hatari kubwa ni mtoto kuishiwa na maji mwilini kwa kuogopa kumeza. Kwa hivyo, uchungu upunguzwe ili aweze kunywa.

Paracetamol ya maji huwafaa wengi. Kipimo hufuata uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 hupewa miligramu 120. Soma kibandiko cha chupa ujue hizo ni mililita ngapi, kwani dawa hizi hazilingani nguvu. Mpe nusu saa kabla ya chakula. Aspirini asipewe kamwe, wala asali ikiwa hajatimiza mwaka mmoja.

Kisha mpe maji, maziwa baridi au uji uliopoa, kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Machungwa, ndimu na pilipili viwekwe kando.

Asipokojoa kwa saa 8, akilia bila machozi, akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mwenye homa na vipele mwilini, kwani huenda ni surua.

Kuuliza "Mtoto ana umri gani?" hakumpunguzii muuza dawa riziki. Asipouliza, mzazi na amwambie mwenyewe kabla ya kutoa pesa.