KONA YA MWALIMU: Usiseme "ni pombe tu inaongea"

Mwezi huu tuongee jambo ambalo wengi tunalikwepa: ndugu ambaye pombe imemshinda, na tena anasema amechoka kuishi.

Kanyanga, gongo na kasiksi sote tunavijua. Mtu kaacha shamba, kapoteza ndugu, anakaa miaka na miaka bila kazi, basi anakunywa ili asahau. Lakini pombe inaharibu usingizi na kuzidisha huzuni, na mtu akilewa inamwondolea ule woga unaomzuia. Ndiyo maana ulevi na kujiua mara nyingi vinafuatana. Wanaoumia ni nyumba nzima. Darasani kuna watoto wanaosinzia mchana kwa sababu usiku walikuwa macho wakimlinda baba.

Kwa hiyo mlevi akisema "afadhali nife", usicheke. Akitulia, muulize waziwazi: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali hilo litamtia wazo kichwani. Sivyo. Linampa nafasi ya kutua mzigo.

Sasa, simu inasaidia nini? Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Watu 1,867 waliojaribu kujiua na kufikishwa hospitali waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja hivi, kisha kila mtu akafuatiliwa mara 9 ndani ya miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Mwisho wake, kati ya wale waliopatikana, kundi la kwanza walikuwa wamejiua watu 18, la pili watu 2. Wale wa kundi la pili hawakupewa mashine kubwa. Waliulizwa hali zao, tena na tena, na wakaelekezwa pa kupata msaada.

Hapa kambini tunaweza kufanya hivi:

1. Mpelekeni kwanza zahanati. Mkubaliane na mhudumu wa afya nani atamfuatilia, na kwa namba ipi.

2. Andikeni kwenye kalenda. Katika utafiti ule walifuatiliwa wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Ndugu na majirani mnaweza kuongeza mara nyingine, hasa siku za mwanzo.

3. Ujumbe uwe mfupi, bila kugombeza: "Kaka, umeamkaje? Nakukumbuka. Jioni nitapita." Usitaje pombe wala kujiua, maana simu zetu wanashika wengi, na siri ikitoka atajificha.

4. Vocha imeisha, au simu haina moto? Nenda kwa miguu. Kutembelewa nako kulihesabiwa katika zile mara 9.

5. Akisema anataka kujiua leo, usitume ujumbe ukalala. Usimwache peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za shamba, vidonge na vitu vya kukata, mwiteni mhudumu wa afya au mumpeleke hospitali, hata kama ni usiku.

6. Aliyezoea kunywa sana kila siku msimlazimishe kuacha ghafla nyumbani. Siku za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na anaweza kufa. Aanze kuacha chini ya uangalizi wa mganga. Dalili hizo zikitokea, ni hospitali mara moja.

Najua kuna aibu. Mama anaona majirani watasema, baba anaona ataitwa kichaa. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe mwenyewe unayesoma, kama mawazo hayo unayo, mwambie mtu mmoja leo, kisha nendeni zahanati pamoja.

Kabla ya kugeuza ukurasa huu, fikiria ni nani katika kijiji chako hajaulizwa hali yake wiki hii. Mpigie, au piga hodi kwake.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu