Kindu Ijenge Treni Yake Upya, kwa Kipimo cha Moja kwa Nane

Kindu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa mvuke, ingawa leo mvuke hauonekani huko ila juu ya sufuria ya sombe. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 na Édouard Empain, tajiri Mbelgiji ambaye kampuni zake zilijenga pia metro ya Paris, ilikuta mto Lualaba haupitiki moja kwa moja. Maporomoko ya Boyoma yanaziba njia kati ya Kisangani na Ubundu. Kusini mwa Kindu miamba inaufunga mto tena na tena hadi Kongolo. Safari ikakatwa vipande: treni kilomita 125 hadi Ubundu, meli hadi Kindu, treni kilomita 355 hadi Kongolo, meli hadi Kabalo, kisha reli ya tatu iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Kindu ilikua pale abiria na magunia yaliposhuka melini na kupanda garini.

Injini zile zimenyamaza. Wajukuu wa waliozitia kuni wanazijua kwa masimulizi ya wazee tu, na masimulizi hayaonyeshi jinsi valvu inavyofunguka.

Kwingineko duniani wapo watu wanaozitumia jioni zao kuunda injini kama hizo upya, ndogo kiasi cha kutosha mezani, lakini zikiwa na kila kitu: boila, silinda, pistoni, valvu, gurudumu zito la kutunza mwendo, na moto wa kweli chini yake. Ukizitia moto zinatembea. Uingereza ina jarida la kazi hiyo, Model Engineer, tangu mwaka 1898, na wasomaji wake wa kwanza hawakuwa mabwana wenye mali tu. Walikuwamo makarani, waashi na madereva wa treni. Mkoa wa Maniema, uliko mji wa Kindu, nao unastahili kuwa na watu wa namna hiyo, na ingefaa waanze katika shule za ufundi, kabla watu wa mwisho walioshika spana za karakana za reli hawajaondoka.

Wapo watakaocheka. Mkoa ambao barabara zake humeza malori, watu wazima wakae wakiunda treni za kuchezea? Swali ni la haki, lakini linadhani kuwa kitu kidogo ni mchezo wa mtoto. Katika eneo la Pangi la mkoa huo huo, uliko mji wa Kama, dhana hiyo ingewashangaza wazee. Warega wa huko walikuwa na chama cha Bwami, na vyombo vyake vya kufundishia vilikuwa vinyago vya pembe na mbao, vingi vyao vya kuenea kiganjani. Kila kinyago kilitolewa na methali yake, kikachezewa ngoma, na mwanafunzi akapata somo la tabia na uongozi. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948; vinyago vingi sasa vimo katika makabati ya makumbusho ya Ulaya, ile ya Tervuren, Ubelgiji, ikiwemo, vikitazamwa na watu wasiozijua methali zake. Nchi iliyowahi kuweka elimu ya uzeeni ndani ya kitu cha ukubwa wa kidole haina haja ya kufundishwa na mgeni kwamba udogo si utoto.

Historia ya mvuke wenyewe inasema vivyo hivyo. Mwaka 1763 chuo kikuu cha Glasgow kilikuwa na injini ndogo ya mvuke ya aina ya Newcomen, ya kufundishia, silinda yake ikiwa na kipenyo cha inchi mbili, na ilikuwa haifanyi kazi ipasavyo. Ikapelekwa kwa fundi wa vyombo, James Watt. Akaitengeneza, lakini ikawa inapiga mapigo machache tu na kumaliza mvuke wote. Wengine wangesema mashine mbovu. Watt alikaa akapima, akagundua kwamba sehemu kubwa ya mvuke ilikuwa ikipotea kwa kuipasha moto silinda ambayo kila pigo liliipoza kwa maji. Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke ukapozwe katika chombo kingine, silinda ibaki ya moto. Hati yake ya ubunifu ni ya mwaka 1769. Injini kubwa zilikuwa na ugonjwa huo huo, ila zilikuwa kubwa mno kuuonyesha waziwazi. Ile ndogo ndiyo iliyousema kwa sauti.

Kwa nini ndogo iseme zaidi? Hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari. Chukua gari moshi ulipunguze kwa kipimo cha moja kwa nane. Urefu unagawanywa kwa 8. Eneo la ngozi ya silinda linagawanywa kwa 64. Ujazo wa mvuke uliomo unagawanywa kwa 512. Maana yake kila tone la mvuke katika injini ndogo linakutana na ngozi ya kulipoza mara nane zaidi kuliko katika kubwa. Ndiyo sababu anayepunguza mchoro wa kiwandani bila kufikiri hupata kitu kizuri cha kutazama kisichotembea. Itambidi aipe boila uso mkubwa zaidi wa kupokea moto, afunike silinda, apanue njia za mvuke. Hapo fizikia inaacha kuwa mistari ubaoni.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa kufurahisha. Katika makumbusho ya reli Nairobi limesimama gari moshi liitwalo Mount Gelai, namba 5918, moja kati ya 34 ya daraja la 59 yaliyojengwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni takriban tani 256. Kwa kipimo cha moja kwa nane lingekuwa na uzito wa karibu kilo 500 na urefu wa mita nne, na bado lingewavuta watu wazima waliokaa juu ya mabehewa madogo nyuma yake. Magari ya CFL yangetoka mepesi zaidi. Na bahati nyingine ipo: reli za CFL, kabla ya nyingi kati yake kupanuliwa katika miaka ya 1950, zilikuwa na upana wa mita moja. Gawanya kwa nane upate milimita 125. Wapenzi wa kazi hii huko Uingereza na Australia wana reli ndogo za milimita 127. Gari moshi la Kindu, kwa tofauti isiyozidi unene wa sarafu, lingeweza kutembea juu ya reli zilizokwisha kutandikwa upande wa pili wa dunia.

Mfano unaofaa zaidi kwa Kongo, hata hivyo, uko Japani. Mwaka 1853 na 1854 meli za Urusi na Marekani zilifika na kuwaonyesha Wajapani treni ndogo za mvuke. Katika jimbo la Saga, Tanaka Hisashige, fundi aliyejulikana kwa wanasesere wanaojiendesha, na wenzake hawakuishia kushangaa. Mwaka 1855 walikuwa wameunda treni yao ndogo ikatembea. Reli ya kwanza ya Japani, Tokyo hadi Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872, miaka 17 baadaye. Tanaka akafungua karakana Tokyo mwaka 1875, na kutoka humo ikazaliwa kampuni ambayo leo ni Toshiba. Haitakuwa kweli kusema treni ya mezani ndiyo iliyoleta viwanda. Ila mafundi wa Saga walipokutana na mashine kubwa, hawakukutana nayo kama wageni. Kongo ilifanyiwa kinyume: mashine kubwa zilikuja kwanza, zikiwa na mafundi wao, na kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuzitia kuni kabla ya kuruhusiwa kuzifungua.

Hilo lisifichwe. Reli ya CFL ilitandikwa kwa jasho la watu wengi ambao hawakuulizwa kama wanataka. Kuiunda upya kwa mkono si kuisifu kampuni.

Vifaa je? Hapa Maniema ina neno la kusema. Boila nzuri ya injini ndogo hutengenezwa kwa shaba nyekundu, na silinda kwa mchanganyiko wa shaba na bati. Shaba ni ya Katanga. Bati hutoka katika kasiteriti, na kasiteriti imechimbwa Kalima tangu enzi za kampuni ya Symétain katika miaka ya 1930. Madini mawili yanayohitajika yako ndani ya mipaka ya nchi moja, na yote mawili huuzwa kwa magunia na tani kwenda kuwa vitu mahali pengine. Kinachokosekana ni mashine ya kukerezea iliyo sawa, umeme wa kuaminika, na michoro yenye maelezo kwa lugha ambayo kijana wa Kama anaielewa. Uingereza kazi ya maelezo ilifanywa kwa miongo mingi na mwandishi aliyejiita L.B.S.C., aliyeeleza kila wiki, kwa maneno ya kawaida ya mtaani, namna ya kukata, kutoboa na kulehemu. Mwalimu wa ufundi wa Kindu anayeandika Kiswahili kizuri angeweza kufanya hivyo kwa daftari na kalamu.

Tena hakuna anayelazimika kuanza na gari moshi. Kuna kiboti kidogo cha bati kinachokwenda kwa mshumaa, kilichoombewa hati ya ubunifu Uingereza mwaka 1891 kwa jina la Thomas Piot: kijisanduku cha maji, mirija miwili iliyo wazi nyuma, hakuna valvu wala pistoni, na kinasukuma maji kwa mlio wa putu-putu. Watoto wanaotengeneza magari ya waya na makopo wanakiweza. Baada yake inakuja silinda inayobembea, ambayo kwa kubembea kwake tu hufungua na kuziba njia ya mvuke. Silinda kama hiyo inaweza kujaribiwa bila moto kabisa, kwa upepo wa kompresa ya fundi wa pancha.

Moto ndio unaotaka heshima. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hewani huchukua nafasi ya takriban lita 1,600. Ukiifungia ndani ya chombo dhaifu umejitengenezea bomu. Kopo lililozibwa kwa risasi ya kulehemu halifai kuwa boila, kwa kuwa risasi hiyo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 183, na maji yakipungua juu ya moto joto hilo hufikiwa upesi. Boila hulehemiwa kwa mchanganyiko wenye fedha, unaoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 600. Kisha haiwashwi kabla ya kujazwa maji baridi na kusukumwa hadi mara mbili ya presha ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa au mvuke, kwa hiyo boila mbovu ikishindwa itavuja tu.

Kuhusu nini kiundwe kwanza, Kindu bila shaka itataka gari moshi. Mji wa Kama hauna reli, na ungefanya vyema kuchagua kitu kingine: trekta ya mvuke ya barabarani. Mwaka 1915 matrekta ya aina hiyo yalizivuta boti mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, kutoka Fungurume kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, wanawake wa vijiji wakizibebea mashine maji ya kunywa. Boti zikapanda treni hadi Bukama, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, na kutoka hapo reli ya CFL ikazipeleka upande wa ziwa. Trekta kama ile kwa kipimo kidogo haihitaji hata mita moja ya reli. Inahitaji ua wa shule uliosawazishwa, kuni kavu zilizopasuliwa ndogo, na mtu mmoja mkali atakayeshika daftari la majaribio ya boila na kukataa kutia saini pale mshale wa geji unaposhuka.