Machozi Tuliyokuwa na Deni Nayo

Miaka mingi tulikuwa mateka wa filamu za Kihindi. "Mother India" ya mwaka 1957 tuliitazama mara zisizo na hesabu, na kila Nargis alipompiga risasi mwanawe Birju, machozi yalitutiririka.

Juzi tulimzuru shangazi yetu, mjane, anayekaa kwa mwanawe Githurai 45, kando ya barabara kuu ya Thika. Baada ya Isha wajukuu zake, wakijua tulipendalo, wakatuwekea filamu hiyohiyo. Tulipokaribia pale pa kulia, tukamwona shangazi ameipa televisheni mgongo, anatutazama sisi.

Akasema kwa upole: "Mwanangu, miaka minne hukunijia. Leo umekuja, nawe watazama huko?"

Tukaizima. Tukazungumza naye hadi usiku wa manane. Tangu hapo hamu ya filamu imetutoka. Hatukuja kuharamisha, twasema tu kwamba tulimlilia mama wa kwenye kioo, na wetu tukamsahau. Kuunga kizazi ni wajibu. Basi ndugu zetu, kabla ya kuwasha televisheni usiku huu, ulizianeni: nani anatungoja?

Wabillahi tawfiq.