Wanafunzi waunde saketi kwa mikono yao

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe rai kwa walimu wa fizikia. Kanuni ya Ohm hukaririwa ubaoni, mtihani ukipita inasahaulika. Mpe mwanafunzi betri ya volti 9, taa ndogo ya LED nyekundu, rezista ya omu 470 na kibao cha matundu kisichohitaji kuchomelea. Taa hutumia takribani volti 2. Gawanya volti 7 zilizobaki kwa omu 470, unapata kama miliampia 15, mkondo usioiunguza. Akiigeuza taa haiwaki, hapo anajua mguu wake mrefu ni wa chanya. Rezista nyingine zimo ndani ya redio mbovu. Shule zisisubiri maabara kubwa. Zianze na vifaa hivi.

Msomaji wenu,
Morogoro