Sista, kutoka wodini si kuacha uuguzi

Saa tisa usiku. Wodi ina wagonjwa thelathini na kitu, mko wawili, na mwenzako ameitwa kusaidia kule kwa akina mama wanaojifungua. Kitanda cha saba, dripu imeisha. Cha kumi na mbili, mgonjwa anatapika. Mlangoni, jamaa wa mgonjwa anakuuliza kwa ukali, "Sista, kwani mmekuja hapa kulala?" Unameza mate na kuendelea na kazi. Asubuhi unasinzia kwenye matatu hadi makanga anakugusa bega: "Madam, tumefika mwisho."

Kama wewe ni nesi, hayo yote unayajua. Nami nilikaa wodini miaka sita. Nilichoka, ndiyo, lakini si uchovu ulionitoa. Usiku mmoja mgonjwa alifariki kwenye zamu yangu, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni fomu nitakazojaza kabla ya asubuhi. Niliogopa yule mtu niliyekuwa nikigeuka.

Nilipomwambia mama nataka kutoka, aliniuliza swali moja tu: "Na ile ng'ombe tuliuza?"

Najua hata kwenu kuna ng'ombe, shamba au harambee iliyokulipia karo. Ndiyo maana wengi wenu mnabaki wodini mkiwa mmeisha ndani kwa ndani: mnaona kutoka ni kuwasaliti waliowasomesha. Mimi nasema si usaliti. Ila kuna kutoka na kuna kutoroka, na tofauti yake ni kubwa.

Hebu mtazame Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Alihudumu katika hospitali ya vita kule Scutari tangu Novemba 1854 hadi 1856, muda usiofika miaka miwili. Kazi yake kubwa aliifanya baadaye, akiwa na kalamu na takwimu, akionyesha kwamba wanajeshi wengi waliuawa na magonjwa yaliyoweza kuzuiwa wala si majeraha. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa London. Nani atathubutu kusema aliacha uuguzi?

Basi ukitoka, uende wapi?

Kuna utafiti. Taasisi kama KEMRI, ikiwemo kituo chake cha Kilifi, huhitaji wauguzi wa kuwaeleza watu utafiti unahusu nini kabla hawajakubali kushiriki, kuchukua sampuli na kuwafuatilia. Anza na kozi fupi ya kanuni za utafiti wa kitabibu. Zipo za bure mtandaoni.

Kuna bima, ambako ndiko niliko sasa. Mtu akilazwa siku tano kwa ugonjwa wa siku mbili, mhasibu haoni kitu. Nesi anaona. Hata hospitali zenyewe zinahitaji mtu wa kuandaa madai yasirudishwe, hasa tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Kuna afya kazini: zahanati za viwanda vya Industrial Area na mashamba ya maua ya Naivasha. Tangu 2007 tuna sheria ya usalama na afya kazini, na mwajiri makini anajua mfanyakazi mgonjwa ni hasara kwake pia.

Kuna teknolojia. Sheria ya Afya Dijitali ilipitishwa mwaka 2023, na rekodi za wagonjwa zinazidi kuhamia kwenye kompyuta. Vijana wanaounda programu hizo ni wakali kwa kodi, lakini wengi hawajawahi kushika zamu. Wanahitaji mtu wa kuwaambia, "Manze, hakuna nesi mwenye muda wa kubonyeza kurasa kumi na mbili mgonjwa akivuja damu."

Kuna kufundisha pia, ingawa hapo utahitaji kuongeza shahada. Na kuna jamii yenyewe. Mwaka 2022 Anna Qabale Duba, muuguzi kutoka Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya dola 250,000. Kilichomfikisha huko ni pamoja na shule aliyoanzisha kijijini kwao na vita vyake dhidi ya ukeketaji na ndoa za mapema. Uuguzi hakuuacha. Aliutoa nje ya kuta za hospitali.

Umeona sijataja ng'ambo? Ni makusudi. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa wauguzi mwaka 2021, wengi huona ndege ndiyo mlango wa kutokea. Pesa ni nzuri, sikatai. Lakini kama kinachokumaliza ni kitanda, zamu za usiku na vifo, kule unabadilisha wodi tu, tena mbali na mama. Nenda ukitaka kwenda, ila usijidanganye kwamba umetoka.

Sasa, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Usiiandike baada ya zamu ya usiku. Lala kwanza. Weka akiba ya miezi kadhaa, kwa sababu mshahara wa kuanzia upande wa pili unaweza kuwa mdogo kuliko wa sasa. Wangu ulishuka. Jaribu kazi mpya siku zako za mapumziko. Na tafadhali, usiache leseni yako ya Baraza la Wauguzi ikafa. Endelea kuhudhuria mafunzo, endelea kuihuisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wako ni hiyo leseni, wala si kitanda cha saba.

Najua swali litakalokusumbua: tukitoka wote wenye uzoefu, nani atampokea mama yako saa tisa usiku? Ni swali la haki, nami bado linaniamsha. Lakini si wewe pekee wa kulijibu. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma karibu miezi mitano kudai haki zao. Hadi leo tuna wahitimu wa uuguzi wanaotafuta kazi huku wodi zikilia upungufu. Wanaopanga bajeti ndio wanaopaswa kukosa usingizi kwanza. Nesi aliyeisha ndani hamsaidii mgonjwa kwa kubaki tu. Wakati mwingine anamhatarisha.

Kwa hivyo kama bado wodi inakupa raha, kaa, na tunakushukuru. Kama imekumaliza, toka, lakini toka ukijua unakokwenda.

Mama bado hunitambulisha kanisani hivi: "Huyu ni binti yangu, ni nesi." Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. Siku hizi nanyamaza, kwa sababu ni kweli. Juzi jirani alinigongea usiku, mtoto ana degedege, nikatoka mbio na kanga. Ng'ombe wetu hakuuzwa bure.