Nani Mvivu?
Twasikia watu wakimwita mvivu mgonjwa wa kifua kikuu aachaye dawa. Ndugu wasomaji, tujiulize kwanza. Hapa Tanzania dawa hizo hutolewa bure, nazo kwa kawaida hunywewa miezi 6. Lakini nauli ni juu yake, na uji ni juu yake, naye apatapo nafuu hushikwa na njaa kali. Mwezi wa pili kikohozi kimetulia, shamba lamwita. Akiona mkojo mwekundu hudhani ni damu, kumbe ni rangi ya dawa tu. Na sisi jirani? Twamtengea kikombe, ingawa ugonjwa huu huenda kwa hewa, si kwa kikombe! Kwa aibu huzificha dawa, kisha huziacha, na vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu. Nani miongoni mwetu alimpelekea unga?